Risasi ya Ukingoni

Kifurushi kilikaa bandarini Mkoani siku kumi na tisa,
kikafunguliwa, kikafungwa, kikafunguliwa tena,
mpaka karani akaniuliza:
"Hiki ni kitu gani, Raya? Chuma cha cherehani?"
Nikamwonesha barua ya polisi, mihuri mitatu,
nikatia saini mahali pa saini
na pasipokuwa pake.

Ni komeo tu, jembamba, linang'aa mafuta,
na magazini ndogo mfano wa kibiriti.
Unalitoa komeo kubwa, unalitia hili,
na bunduki ya nguruwe inakula risasi za panya.
Mtutu ni ule ule. Uzito ule ule begani.
Kilichobadilika ni koo.

Tulikwenda maweni, nyuma ya Micheweni,
ambako jembe likigonga linatoa cheche
na hakuna wa kumdhuru ila mjusi.
Baba akakaa juu ya dumu la maji, mgongo kwa jua.
Miaka ishirini na sita aliwinda nguruwe wa Idara
kwa ajili ya mihogo ya watu,
na kila risasi kubwa iliyotoka
iliondoka na kipande cha sikio.
La kulia lilitangulia.
La kushoto likakaakaa, likaona upweke, likafuata.
Sasa tunasema naye kwa mikono
au kwa ukelele unaofanana na ugomvi
hata ukiwa unauliza kama chai imekolea sukari.

Nikafungua bweta. Hamsini, zimepangwa
kama meno ya mtoto.
Nikampa moja. Akaipima kiganjani, akacheka:
"Na hii nayo inaua?"
Akaigeuza, akaitafuta fataki pale katikati,
kile kidoto alichokizoea. Hakuna. Tako tupu, laini.
Nikapitisha ukucha pembeni, kuzunguka:
humu, baba, humu. Imelala ukingoni,
kama hela ya mama kwenye pindo la kanga.
Haigongwi moyoni hii.
Hugongwa pembeni, ikaitika.

Kopo la maziwa ya unga, hatua hamsini.
Ya kwanza ikapita chini, ikatimua vumbi.
Ya pili chini, kushoto, vidole vinne.
Nikazungusha skrubu ya shabaha.
Ya tatu ilitoka, lakini ganda likakwama mlangoni,
nusu ndani, nusu nje,
kama mtu aliyekuja kudai na kumkuta mwenyewe ana wageni.
Nikalichokonoa kwa ncha ya kisu. Nikafuta. Tone la mafuta.
Ya nne ikagusa kopo.
Ya tano ikalitoboa jina.

Hata kunguru hawakuruka.
Baba akanigusa bega:
"Utapiga lini? Jua linapanda."

Nikamwonesha vidole vitano.
Akatazama chini, akayahesabu maganda kwa ncha ya kiatu,
moja moja, na lile la tatu lenye kovu la kisu.
Kisha akainuka, akaliendea kopo mwenyewe,
akatia kidole tunduni, akakiacha humo kitambo.

Aliporudi hakukaa.
Aliweka kiganja juu ya kitako cha bunduki,
karibu na shavu langu. Kilinuka kitunguu.
"Haya."
Nikapiga.
"Tena."
Nikapiga.
Alikuwa amefumba macho,
kama anayetega redio ya nyumba ya pili.
"Imesema *ta*," akasema. "Ile yangu haikuwa ikisema.
Ilikuwa ikitukana."

Sikumwambia kuwa hizi ni za mazoezi tu,
kuwa nguruwe bado wanaitaka ile kubwa,
na mwezi ujao, mihogo ikishavimba,
nitalirudisha komeo lake
na kujiziba masikio kwa pamba
ambayo yeye hakupewa.

Zilibaki arubaini na tatu.
Tulizipiga zote, mkono wake haukubanduka.
Idara inataka maelezo ya kila risasi.
Nimeandika: majaribio.